Niliogelea Kwenye Maji ya Kunywa

Ukiitwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, mwishowe unaanza kuamini kwamba wewe ni mtu mzuri. Watu wanakupisha kwenye foleni ya kusaga unga, wanakuletea mtoto wao mtundu umwonye, na kwenye harusi unawekewa soda kabla hujaomba. Mimi niliamini hivyo mpaka Kasyoka aliponipigia simu. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Kalamba, nachambua mbaazi kwenye ungo. "Mwalimu Ndinda," akasema, "mama ametuacha. Jana jioni. Alikuwa amesema wengine wakikosa kuambiwa ni sawa, lakini wewe uambiwe." Nikampa pole, nikauliza siku ya mazishi kwa sauti ya kimwalimu, nikakata simu haraka kama mtu anayeogopa kuulizwa swali. Mbaazi zilikuwa zimemwagika sakafuni. Nikapiga magoti kuziokota, na nilipokuwa nikiziokota nilijisikia nikisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Ndinda, wewe ni mtu bure. Mtu bure kabisa."

Mama yake Kasyoka aliitwa Syombua. Alikuwa mwanafunzi wangu wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima, nilipokuwa nafundisha karibu na Mutomo, Kitui. Nilikwenda kumzika. Hema lilijaa, na wasifu wake ukasomwa na kijana mwenye sauti nzuri: alizaa watoto sita, aliimba kwaya, alichimba silanga, bwawa la maji ya kunywa, pamoja na akina mama wa mwethya, kundi la kusaidiana kazi, akawa mlinzi wa maji "mpaka mwaka ule alipokosea, akalipa, akasamehewa." Alipokosea! Halafu mshereheshaji akasema, "Tumwite mwalimu wake atuambie neno," nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikaona nyuso zote zikiningoja. Nikasema Syombua alikuwa mwanafunzi hodari. Nikasema hakuna aliyejua kusoma saa kama yeye. Watu wakacheka kwa upole, wakapiga makofi, nikarudi kukaa kwenye kiti changu cha plastiki. Nilikuwa na nafasi ya kumsafishia jina mbele ya jeneza lake mwenyewe, na mimi nikawachekesha watu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa unga wa manjano. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezewa. Mvua ilikatika, mahindi yakaja kwa malori, na kila nyumba ikanuka ule ugali wa rangi ya njano uliokuwa na ladha ya gunia. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Nilikaa na binti yangu Mwende katika nyumba ya mwalimu, chumba kimoja cha mabati na jiko la nje. Baba yake alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja Krismasi. Mchana yale mabati yalikuwa yanalia kwa joto, ta, ta, ta, na usiku yanapopoa yanalia tena. Nililala nikiyasikiliza na kufikiri kwamba maisha yangu yamekwisha kupangwa yote: darasa la nne asubuhi, ngumbaru alasiri, muthokoi jioni, kama kulikuwa na mahindi meupe ya kukoboa. Hakuna aliyeniita Ndinda siku hizo. Nilikuwa Mwalimu, au Mama Mwende.

Siku moja akaja afisa wa elimu kukagua shule. Kwa desturi mgeni kama huyo halishwi ofisini, kwa hiyo mwalimu mkuu akamleta kwangu, nikampikia chapati mbili na kuku niliyekuwa nimemwekea Mwende. Huku akila alitoa karatasi kwenye mkoba. Kulikuwa na mashindano ya walimu wa mikoa yote, Nairobi, mwezi wa kumi na moja. Mkoa wetu ulikuwa na watu wa mpira, wa riadha, wa kuvuta kamba. "Lakini kuogelea kwa wanawake, hatuna hata mmoja," akasema, akicheka na kuku mdomoni. "Kweli nani ataogelea huku? Sisi ni watu wa mchanga." Nikamwambia niliogelea. Nilisoma shule ya bweni iliyokuwa na bwawa, na miaka miwili mfululizo hakuna msichana aliyenipita kwenye mita mia. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa. "Basi mwalimu, tuweke jina tu," akasema. "Tusionekane hatuna mtu."

Hilo "jina tu" lilinichoma. Alipoondoka nilivuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda nikatoa vazi langu la kuogelea, la bluu, ambalo sikuwa nimeligusa kwa miaka kumi na sita. Halikupita mapajani. Nilifungua mishono ya ubavuni, nikaongeza vipande viwili vya kitambaa cha sare ya shule, kijani, nikajiangalia kwenye kioo kidogo kipande kwa kipande kwa sababu chote hakikutosha mtu. Mwende, aliyekuwa na miaka saba, akauliza, "Mama, hiyo ni chupi ya nini?" Nikamfukuza nje. Lakini nilibaki nimesimama pale, na ndipo nilipotambua kwamba nayataka yale mashindano kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nilipoolewa. Nilitaka mtu mmoja, hata awe mgeni kabisa, asimame na saa mkononi aseme: huyu ni Ndinda, na huu ndio muda wake.

Maji yalikuwa sehemu moja tu. Silanga yetu ilichimbwa kwa mikono na akina mama wa mwethya miaka mitatu kabla sijafika huko. Walichimba kwa jembe na kubeba udongo kwa karai kichwani, wengine wakiwa na mimba, na Syombua alikuwa na kovu kwenye kisigino lililotokana na jembe la mwenzake. Mwaka ule mito yote ilikauka, lakini silanga ilibaki na maji, kifuani kwa mtu mzima, urefu wa hatua hamsini hivi na upana wa ishirini na tano. Ilizungushiwa miiba, ikawekwa lango lenye kufuli, na ufunguo ukawa wa Syombua, kwenye kamba shingoni. Kila nyumba ilipata madebe mawili kwa siku. Kila mama alisimama kwenye jiwe, anachota kwa kata bila kulowesha hata kidole cha mguu. Ng'ombe na mbuzi walinyweshwa nje ya ua. Kanuni ilisomwa mwanzo wa kila mkutano: hakuna mtu wala mnyama kuingia ndani ya maji. Ninaijua vizuri. Nilikuwa karani wa mwethya, kwa sababu ya ualimu, na ile kanuni niliiandika mimi kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaipigia mstari kwa rula.

Syombua alikuwa amenizidi miaka kumi hivi. Alikuwa mwembamba, mwenye meno yaliyotengana, na alicheka akifunika mdomo kwa leso. Darasani alichoka na herufi lakini saa aliipenda. Nilichora saa kubwa ubaoni na yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kuonyesha mishale, na akipatia anajipigia makofi mwenyewe. Siku niliyomwambia, tulikuwa tumebaki wawili darasani, nikifuta ubao. "Kuogelea ni kufanya nini hasa?" akauliza. Nikamwelezea. "Na ukifika upande ule mwingine?" Nikamwambia unarudi. "Aiya! Unakwenda, unarudi, na hujachukua kitu?" Alicheka mpaka akakaa. Kisha nikamwambia kuhusu yule afisa na lile jina tu, akaacha kucheka. Alishika ule ufunguo, akauzungusha. "Watu wanafika kuteka jua likichomoza," akasema. "Kabla ya hapo hakuna mtu. Lakini Mwalimu, ile maji ni ya watu." Nikasema sitayachafua. Mwili wangu ni safi, nikasema, kama kwamba hilo ndilo lilikuwa swali.

Asubuhi ya kwanza alfajiri ilikuwa baridi, Mungu wangu. Nilivua leso nikajipaka mafuta ya mgando mwili mzima, kama tulivyofanya shuleni siku za baridi. Mafuta ya kunukia, ya kikopo, nilikuwa napenda sana harufu yake. Niliingia, matope yakanipanda katikati ya vidole, nikajitupa mbele. Mikono ilikuwa imesahau. Nilimeza maji, nikakohoa, nikasikia Syombua akipiga kelele kwa sauti ya kunong'ona, "Rudi! Rudi, unakufa! Nitawaambia nini watu!" Nilipomfikia upande wa pili alikuwa amevua leso anataka kunitupia nishike. Baada ya wiki mbili hakuogopa tena. Nilimpa saa yangu ya mkononi. Alisimama pale kwenye jiwe la kuchotea, ufunguo shingoni na saa mkononi, anafuatilia ule mshale mwembamba kwa kidole, na nikifika anasema muda kwa Kiswahili cha darasani, taratibu, kila neno peke yake: "Dakika. Moja. Na sekunde. Arobaini. Na nane." Nilihesabu hatua ishirini na tano kwenda, ishirini na tano kurudi, mara mbili, na nikaita hiyo mita mia. Alisikitika nikichelewa. Siku niliyofikia dakika moja na nusu aliruka juu ya jiwe, akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyo hivyo, na gauni lake likajaa mafuta.

Nilijua. Nataka niliseme wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia sikujua. Jua lilipotoka niliyaona yale maji, nilikuwa nimeyavuruga mpaka yakawa na rangi ya chai. Niliona mafuta yangu yakielea, vijiduara vya rangi rangi. Nilikwenda nyumbani kunywa chai, na saa mbili nikiwa darasani nilisikia wamama wakipita nje ya dirisha na madebe. "Hii maji imefanyiwa nini?" mmoja alisema. "Jana niliacha itulie mpaka jioni, bado ni matope." Mwingine akasema, "Matope ni kitu gani, mimi yangu ina mafuta juu. Nimepika uji, mtoto amekataa." Nilikuwa nimeshika chaki. Niliwaambia watoto wa darasa la nne wafungue kitabu, ukurasa fulani, na nikasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wiki mbili kabla ya safari mwenyekiti akaitisha mkutano. Mwenyekiti aliitwa Kalekye, mama mfupi mnene asiyepandisha sauti hata siku moja. Tulikaa darasani, wamama wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani, na ubaoni kulikuwa bado na ile saa niliyomchorea Syombua, mishale ikionyesha saa kumi na mbili na robo. Kalekye aliweka debe la maji mezani, mbele ya kitabu changu. Aliinama akalinusa. Kisha akasema wengine wanusishwe, debe likapita mkono kwa mkono, na kila mtu akasema lake. Wengi walisema ni lori. Malori ya mkaa yalikuwa yanapita, na madereva walikuwa wanatafuta maji ya injini. Wakasema Syombua ameuza maji ya watu, dereva akaingia na miguu na ndoo yenye mafuta.

"Syombua," akasema Kalekye, "ufunguo unakaa shingoni mwako. Nani alifungua?"

"Ni mimi."

"Ulimfungulia nani?"

"Nilifungua."

"Tunauliza ulimfungulia nani. Ni dereva?"

Syombua hakuniangalia. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, kalamu mkononi. "Mkitaka kusema ni dereva, semeni ni dereva," akasema. "Mimi nilifungua. Kosa ni la mwenye ufunguo." Akatoa ile kamba shingoni, ikakwama kwenye kitambaa cha kichwa, akaivuta, akaiweka mezani. Kalekye akatangaza faini: mbuzi mmoja mzima, asiye mgonjwa. Halafu akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nje mbuzi walikuwa wanalia kwa kiu. Mimi nilikuwa naangalia wino. Nilifikiri nikisema sasa, Mwalimu atakwisha, karani atakwisha, na mashindano yatakwisha, na la mwisho ndilo nililoliogopa kuliko yote. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna.

Kwa mwethya, mbuzi wa faini haendi sokoni. Analiwa na kundi zima siku hiyo hiyo, na kila mtu lazima ale, hata kipande, hata kama ana jino bovu. Maana yake ni kwamba kesi imekwisha. Ukila, huna neno tena moyoni, na lile jambo halitatajwa kama kosa mbele ya aliyelipa mpaka kufa. Mtu asiyekula ndiye mwenye neno, na ataulizwa. Syombua alikuwa na mbuzi watatu kabla ya ukame, wawili walikuwa wamekufa. Aliyebaki alikuwa mwenye maziwa, na yale maziwa ndiyo aliyokuwa akinywa Kasyoka, kitindamimba wake, mwenye miaka miwili. Alimleta akimvuta kwa kamba, na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ananyoosha mkono anamwita mbuzi kwa jina, walikuwa wamempa jina, Kasee. Kalekye alisimama akamwangalia yule mbuzi, akamgusa kiwele. Akageuka. "Kabla hatujachinja, nauliza tena," akasema. "Kuna mwenye neno?" Mimi nilijifanya natafuta kalamu kwenye mkoba.

Aliitwa mzee mmoja jirani kuchinja. Akapewa kichwa, akaenda zake. Nyama ilichemshwa kwa sufuria ya shule, na kwa maji ya silanga, maji yangu yale. Wamama walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Ilipoiva, Kalekye alishika upawa lakini hakupakua. Aliangalia pande zote, polepole, akauliza mara ya tatu, "Kuna mtu ana neno, au tule?" Nilisikia nzi. Nikajiambia huyu mama ana mbwembwe, si alishauliza. Halafu akanipakulia mimi kwanza, karani, mbavu mbili zenye mafuta, kwenye bakuli la bati. Nikala. Tena nilikuwa na njaa, na baada ya miezi ya ugali wa manjano ile nyama ilikuwa tamu, tamu sana, na nililamba vidole. Syombua alikula kipande kimoja kidogo akiwa amesimama, kisha akamtafunia Kasyoka kingine.

Nilikwenda Nairobi. Nilipanda lori la mbuzi mpaka Kibwezi, kisha basi, na tuliposimama Sultan Hamud kwa chakula, niliingia hoteli iliyopakwa rangi ya bluu nikaagiza chai na mandazi. Kwenye meza ya nyuma wafanyabiashara wawili walikuwa wanazungumza habari za ukame. Mmoja alisema, "Huko Kitui watu wanauziana hata maji. Binadamu akibanwa anakuwa mnyama." Mwingine akasema si wote, kuna watu wazuri kila mahali. Nililipa nikaacha mandazi pale. Usiku wa kwanza Nairobi, katika bweni la chuo tulikolazwa, kila nikifumba macho namwona yule mtoto akinyoosha mkono.

Na bado, sikilizeni. Siku ya mashindano niliposimama pembeni ya lile bwawa na vazi langu la bluu lenye mbavu za kijani, na wale wanawake wa mikoa mingine wakinong'onezana, nilitazama chini nikaona sakafu. Maji yalikuwa safi hivi kwamba niliona mstari mweusi mpaka mwisho. Filimbi ikalia. Ninaona haya kuandika hili kuliko yote: nilikuwa na furaha. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Kwa ile dakika moja na sekunde zake sikumkumbuka Syombua, wala mbuzi, wala debe, hata kidogo. Nikawa wa tatu. Afisa wetu wa elimu alinikimbilia na taulo akipiga kelele, "Ndinda! Ndinda!" na mtu mmoja mwenye saa akanisomea muda wangu mbele ya watu. Ndicho nilichokuwa nimekitaka. Nilipewa medali ya shaba yenye utepe, nikalala nayo chini ya mto.

Niliporudi, Syombua alikuja nyumbani na Kasyoka mgongoni. Mtoto alikuwa amekonda, alikuwa ananyonya kidole. Nilimpikia mama chai ya rangi, sikuwa na maziwa, na hilo neno maziwa nililizunguka kama shimo. Sikumwonyesha medali. Yeye ndiye aliuliza. "Saa ilisema ngapi?"

"Dakika moja, sekunde ishirini na sita."

Akahesabu kwa vidole. "Umetoa nne!" akasema, na akajipigia makofi kama darasani. Kisha akauliza, "Na ile maji ya huko, baadaye inanywewa na nani?" Nikamwambia hainywewi, ina dawa. Alishangaa sana. "Maji yote hiyo? Ya kuogelea tu?" Akanywa chai yake. Nilikuwa na medali ndani ya mkoba, hatua mbili kutoka pale tulipokaa, na neno kwenye ulimi. Aliponiaga alinishika mkono na kuniita Mwalimu. Januari niliomba uhamisho, nikaletwa huku Kalamba, Makueni, na sikuingia tena kwenye maji ya kunipita magoti. Watu wakiniuliza nasema nina tatizo la masikio.

Wiki tatu baada ya mazishi nilirudi Mutomo. Siku ya soko nilinunua mbuzi, mwenye mimba, mzima, masikio marefu, na nikakodi pikapu mpaka kwa Kalekye. Sasa ana miaka themanini na kitu, haoni vizuri, lakini sauti ni ile ile ya chini. Alikuwa amekaa nje anapukuchua kunde. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, na nikamwambia yote, kuanzia kwa afisa na kuku mpaka mbavu mbili. Nililia. Aliendelea kupukuchua.

"Lori haijipaki mafuta ya kunukia, Mwalimu," akasema nilipomaliza. "Nani mwingine alikuwa ananuka vile huko kwetu?"

Nikamuuliza kwa nini basi hawakunitaja.

"Neno halikuwa letu. Lilikuwa lako na la Syombua, na yeye alikataa kusema. Tukakungoja wewe." Alipepeta kunde, maganda yakaruka. "Wewe ndiye ulikuwa unaandika kile kitabu. Kuna kesi ngapi mle ndani? Tulikuwa tunauliza kama kuna mwenye neno mara ngapi?"

Mara moja. Nilikuwa nimeziandika kesi zote mimi mwenyewe, za majembe yaliyopotea, za akina mama waliokosa kazi, na katika kila kesi aliuliza mara moja tu. "Wewe tulikuuliza mara tatu," akasema Kalekye. "Halafu ulikula." Nikamwomba achukue mbuzi kwa niaba ya mwethya. Akakataa bila hasira. Kesi iliisha, akasema, na mwethya haili mbuzi wa kesi iliyoisha. "Mpelekee yule aliyekosa maziwa. Na umwambie ni ya nini, usimtupie tu mnyama."

Nilikwenda. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mbuzi akinivuta kila kichakani. Kasyoka alitoka nje akakimbia kunipokea, mwanamke mzima sasa, mwenye meno yaliyotengana kama ya mama yake. "Mwalimu! Jamani, na mbuzi! Umetuletea?" Na mimi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, nikafungua mdomo nikasikia ukisema, "Hapana, nimemnunua sokoni, napita tu kukusalimia." Tukanywa chai. Ilikuwa na maziwa ya pakiti. Nilirudi Kalamba na mbuzi nyuma ya pikapu, dereva akiuliza kama bei ya kwetu ni mbaya sana hata nikaamua kununua mbuzi mbali vile.

Amezaa mapacha. Anakamuliwa asubuhi na jioni, na kwa miezi miwili maziwa yake nimeyanywa na chai, kwa sababu nani mwingine atayanywa. Jana nilipomaliza kuandika mpaka hapo juu nilipo kwenye ile pikapu, niliweka kalamu chini nikachukua simu kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Nikamwambia Kasyoka aje Kalamba, kuna mbuzi wake hapa, yeye na watoto wake wawili.

"Wangu?" akacheka. "Wangu tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu ulipokuwa na miaka miwili," nikasema.

Upande wa pili nikawa nasikia kuku wake tu. Sikukata simu.